Kupunguza uzito kidogo kidogo ukiwa unatumia dawa kila siku

Dozi unayomeza au kujichoma ilipangwa kulingana na mwili uliokuwa nao, na chakula ulichokuwa ukila, siku daktari alipoiandika. Ukikata chakula nusu kwa mkupuo, dozi inabaki palepale huku kazi yake imepungua. Matokeo yake mwenye kisukari anaanza kutetemeka na kulowa jasho saa tano asubuhi, na mwenye presha anaona kizunguzungu kila akiinuka kitandani. Baada ya siku tatu wote wawili wanarudi kwenye ulaji wao wa zamani, wakiamini kwamba kujipunguza uzito si kwa wagonjwa. Tatizo ni kasi. Badiliko moja dogo kila baada ya wiki mbili linaupa mwili nafasi ya kuzoea, na linampa daktari muda wa kurekebisha dawa.

Lengo nalo liwe dogo: asilimia 5 ya uzito ulionao. Kwa mtu wa kilo 90 hiyo ni kilo 4.5, na kwa wengi inatosha kuonekana kwenye vipimo vya sukari na presha. Mwenye magoti mabovu anapata nafuu ya ziada, maana kila kilo moja inayotoka mwilini hupunguza mzigo wa takriban kilo 4 kwenye goti kwa kila hatua. Kasi inayofaa ni robo hadi nusu kilo kwa wiki. Anayeporomoka zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki anajiweka kwenye hatari ya mawe ya nyongo, na mwenye jongo anaweza kuamsha maumivu aliyokwisha kuyasahau, kwa sababu kufunga na kupungua haraka hupandisha asidi ya yuriki, ambayo ndiyo huleta jongo.

Wapo wasiotakiwa kuanza bila kuonana na daktari kwanza: mjamzito, anayesafishwa damu, mwenye ugonjwa wa ini uliokomaa, aliye kwenye matibabu ya saratani, mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, na yeyote aliyewahi kujinyima chakula au kujitapisha. Vilevile, kama umepungua asilimia 5 au zaidi ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, usishangilie. Nenda ukatafutiwe sababu.

Hatua ya 1: Peleka dawa zako kliniki

Peleka pakiti zenyewe, usitegemee kukumbuka majina. Sema wazi: "Nataka kupunguza chakula kidogo kidogo. Ipi kati ya hizi itahitaji kupunguzwa, na ipi inaninenepesha?" Maswali hayo mawili ndiyo muhimu, na watu wengi hawayaulizi kamwe.

Zinazoweza kuleta hatari ukipunguza chakula ni insulini na vidonge vya kisukari vya kundi la glibenklamidi na gliklazidi. Hivi hushusha sukari hata kama hujala. Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Dapagliflozini na empagliflozini, vidonge vingine vya kisukari, zina mtego wa aina nyingine: ukikata wanga kwa kiasi kikubwa huku unazitumia, damu inaweza kujaa asidi ilhali kipimo cha sukari hakitishi sana. Kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhema kwa nguvu ukiwa kwenye dawa hizo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Zinazoongeza uzito ni pamoja na insulini yenyewe, prednisoloni, amitriptilini, olanzapini, valproeti na baadhi ya dawa za presha kama atenololi. Kujua hili kunakuondolea lawama usizostahili, lakini hakukupi ruhusa ya kuacha dawa. Prednisoloni iliyotumika kwa wiki kadhaa ikikatishwa ghafla inaweza kukuangusha, kwa sababu mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Mara nyingine daktari anaweza kukubadilishia dawa au kukupunguzia dozi. Hilo ni lake kuamua, kazi yako ni kuuliza.

Kama unatumia dawa zinazoshusha sukari, panga hili kabla ya kitu kingine chochote. Sukari ikiwa chini ya 4 mmol/L (takriban 70 mg/dL), koroga vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, unywe, usubiri dakika 15, kisha upime tena. Bado iko chini? Rudia. Ikipanda, na mlo unaofuata uko mbali, kula kitu chenye wanga. Chokoleti haifai kwa dharura hii kwa kuwa mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Anayetumia atenololi au propranololi ajue kwamba dawa hizo huficha kutetemeka na mapigo ya moyo kwenda mbio, kwa hiyo dalili anayoweza kubaki nayo ni jasho. Na vijiko hivyo vinne ni dawa. Usivihesabu kama kosa la kuvunja mpango.

Hatua ya 2: Wiki moja ya kuandika tu

Usibadilishe chochote. Chukua daftari uandike kila kinachopita mdomoni, na saa. Andika palepale, kwa sababu jioni utakuwa umesahau nusu: kijiko cha kuonja mchuzi, kiporo cha mtoto ulichomalizia ili kisitupwe, konzi ya karanga ukisubiri chakula kiive. Kudokoa jikoni ndiko kunakoharibu hesabu za watu wengi wanaoapa kwamba "hawali kitu". Karanga za gramu 30, ambazo ni konzi moja tu, zina kalori zaidi ya 170.

Pima uzito asubuhi, baada ya haja ndogo na kabla ya kula, kwenye mzani uleule uliowekwa juu ya sakafu ngumu. Pima kiuno kwa utepe, katikati ya ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, mwishoni mwa kutoa pumzi, bila kubana tumbo. Kama una mashine ya presha au ya sukari, andika na hivyo. Mwisho wa wiki pigia mstari vitu vitatu vinavyojirudia kila siku. Hivyo ndivyo utakavyoshughulikia. Keki ya harusi ya mara moja kwa mwezi iache ilivyo.

Hatua ya 3: Anza na vinywaji

Tunaanza hapa kwa sababu sukari ya kunywa haishibishi. Soda ya nusu lita ina sukari ya takriban gramu 50, yaani zaidi ya vijiko 12 vya chai, na kalori zaidi ya 200, lakini ukishaimaliza utakula mlo wako uleule. Juisi ya matunda, hata ya kukamua nyumbani, haiko mbali na hapo. Glasi moja hubeba machungwa matatu au manne, huku nyuzinyuzi zikibaki kwenye chujio. Kula chungwa moja.

Chai ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo tuiangalie kwa karibu. Vikombe 4 kwa siku, vijiko 3 kila kikombe, ni vijiko 12. Kila kijiko bapa ni gramu 4 na kalori 16, jumla 190 hivi. Kijiko cha mlima hubeba karibu mara mbili, kwa hiyo jambo la kwanza ni kukisawazisha kwa ubapa wa kisu. Wiki hiyo usipunguze idadi. Wiki inayofuata toa nusu kijiko kwenye kila kikombe, kisha nusu nyingine kila wiki, mpaka ufike kijiko kimoja au nusu. Anayeacha sukari yote kwa siku moja huiona chai kama maji ya kuoshea vyombo na kuirudia sukari siku ya nne. Anayeshuka kwa nusu nusu, ulimi wake unazoea bila yeye kujua, na akija kupewa chai ya zamani huiona kama shira. Kama unatumia insulini ya kulinganisha na mlo, hata punguzo hili la chai lihesabu.

Maziwa yasiyo na mafuta yana kalori 85 hivi kwa kikombe cha mililita 250, na yenye mafuta yote yana 150. Hapo pana nafuu ya bure kwa anayekunywa mengi.

Hatua ya 4: Mafuta

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati wanga na protini zina 4. Kijiko kikubwa kimoja, mililita 15, ni kalori 120, na hakuna mkono unaomimina kijiko kimoja kutoka kwenye chupa. Aina ya mafuta hapa haisaidii. Mafuta ya zeituni ni mema kwa moyo kuliko siagi, lakini kwenye mzani ni yaleyale.

Bandika kipande cha plasta kwenye chupa siku unapoifungua, uandike tarehe. Ikiisha, gawanya. Lita 1 iliyoliwa na watu 4 kwa siku 10 ni mililita 25 kwa kila mtu kwa siku, yaani kalori 200 na ushee za mafuta ya kupikia peke yake. Ukishapata namba yako, ipunguze kwa nusu, ndani ya wiki mbili.

Namna ya kufanya: weka kijiko kando ya jiko, na chupa iwe mbali, ikiwezekana kabatini. Pasha sufuria kwanza, kisha tia kijiko kimoja. Mafuta hutambaa zaidi kwenye sufuria ya moto, kwa hiyo machache yanatosha. Kitunguu kikianza kushika chini, usiongeze mafuta, nyunyiza vijiko viwili vya maji na ukikwangue. Kinalainika na kupata rangi vizuri tu. Nyanya itie mapema, maji yake yanamaliza kazi. Mchuzi ukipoa, mafuta yanayoelea juu yaondoe kwa kijiko. Viazi vya kukaanga kwa mafuta mengi vina kalori zaidi ya mara tatu ya uzito uleule wa viazi vya kuchemsha, kwa hiyo kama unavipenda, viwe vya siku maalumu, na sahani ndogo.

Makosa ya kawaida hapa ni kuondoa mafuta yote. Chakula kikikauka hakiliwi kwa raha, na baada ya saa mbili utajikuta unatafuta biskuti. Vijiko viwili vya chai kwa siku kwa mtu mmoja si dhambi.

Hatua ya 5: Sahani

Nusu ya sahani iwe mboga zisizo na wanga mwingi, robo protini, robo wanga. Watu wengi wenye njaa ya kweli wakiambiwa hivyo siku ya kwanza wanakata tamaa, kwa hiyo fika hapo kwa awamu. Chota wanga wako kama kawaida, kisha rudisha sufuriani robo kikombe. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina kalori 200 hivi, kwa hiyo robo mchana na robo usiku ni kalori 100. Pengo lililobaki lizibe kwa mboga papo hapo, kabla jicho halijaliona. Sahani yenye kipenyo cha sentimita 23 inasaidia. Pakulia jikoni, usilete sufuria mezani.

Anza kula mboga na protini, wanga uje mwisho. Mpangilio huo hupunguza mruko wa sukari baada ya mlo, na wanga unapofikiwa njaa imeshatulia. Maharage, dengu na kunde vina protini na wanga pia, kwa hiyo ukivipakua kwa wingi, punguza wali.

Mlo wa asubuhi usirukwe na anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari. Uwe na protini: yai, maziwa mtindi yasiyo na sukari, maharage. Kwa anayetumia prednisoloni hili ni la muhimu zaidi, kwani dawa ile inaleta njaa isiyo na breki, na mkate mtupu wa asubuhi huichochea.

Ushauri wa jumla unaanza kudhuru ukifika kwenye magonjwa haya:

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kwa sababu amesoma kwamba inashibisha. Kiasi chake hupangwa na daktari au mtaalamu wa lishe, na hutofautiana kabisa kati ya ambaye hajafika kusafishwa damu na aliyekwisha kuanza. Mboga na matunda yenye potasiamu nyingi, kama ndizi, parachichi na mchicha, navyo huenda vimewekewa kikomo.

Anayetumia wafarini asiongeze majani ya kijani kwa ghafla. Vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa na damu inaweza kuganda. Anaweza kula majani, ila kiasi kilingane wiki hadi wiki, na akitaka kuongeza apime damu.

Anayetumia levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, aimeze tumbo tupu kwa maji, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi vikigongana na kidonge hupunguza kiasi kinachoingia mwilini, na tezi ikilegea uzito hupanda.

Nyuzinyuzi kwa ujumla ziongeze polepole. Anayehama kutoka mkate mweupe hadi maharage na nafaka zisizokobolewa kwa siku moja atavimbiwa na kujaa gesi, kisha atasema chakula kile hakimpatani. Kunywa maji zaidi pia, isipokuwa kama daktari amekuwekea kikomo kwa ajili ya moyo au figo.

Hatua ya 6: Chumvi

Chumvi haina kalori, lakini huvuta maji mwilini na kukufanya ule zaidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyote: ya kupikia, ya mezani, ya kwenye mkate na ya kwenye vipande vya kiungo cha supu. Ondoa kichupa mezani kwanza. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vitafidia.

Usinunue chumvi mbadala bila kusoma pakiti. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Kwa mwenye figo dhaifu, au anayetumia enalaprili, lisinoprili, losartani au spironolaktoni, potasiamu ikizidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Anayetumia lithiamu asipunguze chumvi kwa ghafla, kwa kuwa dawa hujikusanya mwilini.

Siku ambazo mwili unakataa

Mpango unaotegemea nguvu za siku nzuri hauwezi kukaa kwa mtu mwenye maumivu au uchovu sugu. Siku mbaya ndiyo inayoamua. Siku ukiwa na nguvu, pika maharage ya sufuria nzima, uyagawe kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja, na uyagandishe. Katakata mboga ukiwa umekaa kwenye kiti. Weka akiba ya mayai, samaki wa kopo kwenye maji na mboga zilizogandishwa. Mlo wa dakika kumi wa mayai mawili, mboga na kipande cha mkate ni bora kuliko chakula cha kukaanga kilichonunuliwa kwa sababu miguu ilikataa kusimama.

Ukiwa unaumwa kweli, una homa, unatapika au unaharisha, simamisha kupunguza chakula. Kula unachoweza, kunywa, na mwenye kisukari apime mara nyingi zaidi.

Mzani ukigoma

Ukipunguza nusu ya sukari ya chai, nusu ya mafuta na nusu kikombe cha wali, umetoa takriban kalori 300 kwa siku. Kwa hesabu hiyo utapungua robo kilo kwa wiki. Lakini maji ya mwili yanaweza kuupandisha au kuushusha uzito kwa kilo moja au mbili ndani ya siku moja, kwa hiyo anayepima kila asubuhi na kuamini kila namba atachanganyikiwa. Linganisha wastani wa wiki na wastani wa wiki, na kiuno mara moja kwa mwezi. Wastani usiposogea kwa wiki nne, rudia wiki ya daftari. Mara nyingi kijiko cha mlima kimerudi.

Uzito unaopanda haraka ni jambo jingine. Kilo 2 ndani ya siku 3 si mafuta, ni maji. Kwa mwenye moyo dhaifu, hasa miguu ikivimba au pumzi ikikata akilala, awasiliane na kliniki siku hiyo.

Wakati wa kugoma ndipo chai za kupunguza tumbo zinapojitokeza. Nyingi ni za kuharisha. Zinatoa maji na potasiamu, mzani unashuka kwa siku mbili, mafuta yanabaki, na vidonge vyako vinaweza kupita tumboni bila kufanya kazi. Baadhi ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba zimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 katika Ulaya na Marekani kwa sababu ya madhara kwenye moyo na mishipa ya damu.

Ukishatoa kilo 3 hadi 5, rudi kliniki na daftari lako hata kama tarehe yako haijafika. Presha ya 105 kwa 65 na kizunguzungu ukisimama, au sukari inayogusa 4 kabla ya chakula cha mchana, maana yake dozi sasa ni ya mtu uliyekuwa zamani. Ipunguzwe na daktari, kisha kaa hapo mwezi mmoja au miwili bila kukata kitu kipya kabla ya kuanza asilimia 5 nyingine.